Matanga ya Mtaa wa Viazi

Siku ya kumi ya ukungu, saa kumi na mbili kasoro robo jioni, chumvi ilikuwa digrii mia tatu kumi na nane. Niliiandika namba hiyo ubaoni kwa chaki, kwa sababu skrini kubwa ilikuwa inakula umeme bure na nilikwisha kuizima. Kastori Nyagawa, mwenzangu wa zamu, aliitazama ile namba akasema kwamba kwa moto huo hata maharage yangemcheka mpishi. Nilimwambia akakague pampu ya pili. Akaenda, lakini bado alikuwa akitabasamu. Ndivyo alivyo Kastori. Jengo likiwaka moto atauliza nani ana viazi vya kuchoma.

Watoto wa shule wakija kutembelea mtambo, mimi ndiye ninayewaeleza. Nawaambia chumvi hii hailiwi. Ni ndugu ya mbolea, na ndiyo maana kila mwaka kuna mkulima anayekuja getini kutuomba gunia moja tu. Tunazo tani elfu thelathini ndani ya pipa lililo refu kuliko kanisa. Mchana umeme wa jua na wa mapanga ya upepo unaichemsha mpaka inayeyuka na kutiririka kama maji, digrii mia tano sitini. Jioni, kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa nne, mji mzima wa Nyandula unawasha majiko na hita kwa wakati mmoja. Hizo tunaziita saa za mapishi. Tunaipitisha chumvi kwenye boila, maji yanageuka mvuke, mvuke unazungusha mtambo, na watu wanakula. Baada ya saa nne wamelala na mtambo mdogo wa mtoni unatosha.

Kuna jambo siwaelezi watoto. Chumvi ikishuka chini ya mia mbili sitini inaganda ndani ya mabomba. Ikiganda, hakuna kuiyeyusha tena. Mabomba yanakatwa, yanatupwa, na mapya yanachukua miezi mitatu kufika. Ni watu elfu arobaini, mwezi wa saba, barafu juu ya majani kila asubuhi, na hawana kuni. Kila mti katika wilaya hii una namba yake na umeuzwa ukiwa umesimama, kwa watu wa mbali wanaolipia moshi wa viwanda vyao kwa miti isiyokatwa. Ukikata mmoja unafungwa miaka minne. Mume wangu Festo alikuwa seremala. Siku hizi analea mtoto.

Kwa hiyo ukungu ukija, jua na upepo vikapotea, tunagawana giza. Kila jioni mtaa mmoja unazimwa kwa saa zote nne. Mtaa unaarifiwa siku mbili kabla, watu wanapika mchana, wanajaza chupa za chai, wanaingia kitandani mapema na kuwaweka watoto katikati. Jioni ile ilikuwa zamu ya Mtaa wa Viazi. Ndiko ninakokaa. Ratiba niliipanga mwenyewe.

Binti yangu Lusungu ana miaka kumi na minne. Homa ya mwaka juzi ilimharibu mapafu, na tangu hapo anapumua kwa msaada wa mashine ya oksijeni. Betri yake inadumu dakika hamsini. Nilikuwa nimelipangia hilo pia. Saa kumi jioni Festo amfunge mablanketi, ampeleke hospitali ya wilaya, ambako laini haizimwi hata siku moja. Vitanda vilijaa, ila koridoni kulikuwa na soketi nzima karibu na chumba cha dawa. Niliijaribu kwa mkono wangu, na muuguzi wa zamu akanikubalia kuweka benchi. Nilimweleza Festo yote hayo asubuhi nikiwa nafunga viatu. Akaitikia kwa kichwa. Laiti ningeinua macho nikamtazama usoni, ningejua.

*

Simu ya mezani ililia saa kumi na mbili kasoro dakika tano. Simu hiyo ni ya wenyeviti wa mitaa, na wanaitumia kwa jambo moja tu: kuandikisha msiba.

Kanuni ilipitishwa na mkutano wa mji mwaka ule mtambo ulipowashwa. Mtaa wenye matanga hauzimwi kwa siku tatu. Zamu yake ya giza inaangukia mtaa unaofuata. Hakuna cheti kinachodaiwa wala daktari anayeulizwa. Neno la mwenyekiti linatosha. Kwa miaka kumi na moja hakuna aliyeitumia kanuni hiyo kwa uongo, na si kwa sababu sisi ni watakatifu. Tunaiba nyaya. Tunachezea mita. Lakini kutangaza kifo cha mtu aliye hai, huku kwetu, ni sawa na kumchimbia kaburi na kumwonyesha urefu wake. Hata mwizi mzoefu hana ujasiri huo.

Kastori alipokea. Alisikiliza, akauliza jina, akauliza tena. Kisha akakaa, na Kastori hakai akiwa kazini. Alifunika simu kwa kiganja akanitazama.

"Dada Yusta, kaa chini kwanza."

Nilimwambia aseme.

"Ni mwenyekiti Tweve. Ni kwako. Ni Lusungu."

Mkono wangu ulikuwa juu ya vali ya mvuke ambayo ilikuwa inavuja kidogo. Niliifunga. Niliifunga mpaka mwisho, nikaisikiliza kama imenyamaza, nikafuta mikono kwenye suruali. Hayo ndiyo niliyoyafanya nilipoambiwa mwanangu amekufa. Nayasema kama yalivyokuwa.

Halafu nilitoka koridoni, nikampigia Festo. Alipokea kabla simu haijaita mara ya pili, kana kwamba alikuwa ameishika mkononi.

"Yupo," akasema kwa sauti ya chini. "Anapumua. Amekunywa uji nusu kikombe. Tafadhali usipige kelele."

Sikupiga kelele. Niliegemea ukuta, nikajikuta nimekaa sakafuni. Alizungumza yeye. Alisema alimfunga Lusungu mablanketi kama nilivyoagiza. Alifika naye mlangoni, ukungu ukaingia, Lusungu akaanza kukohoa, akamrudisha. Akajaribu tena. Mwezi wa nne alikuwa amempeleka hospitali kwa pikipiki asubuhi ya baridi, mwendo wa kilomita mbili, na alipomshusha midomo ilikuwa ya zambarau na macho yamegeuka. Siku hiyo mimi nilikuwa kazini. Alisema hawezi kuiona mara ya pili. Kwa hiyo alikwenda kwa mwenyekiti Tweve akalia mbele yake, na kilio kilikuwa cha kweli, basi Tweve akaamini.

Nilimwuliza kwa nini hakunipigia mimi.

"Ungezima," akasema. "Nakujua, Mama Lusungu. Ungezima saa kumi na mbili kamili, halafu ungerudi nyumbani uniulize kwa nini sikufuata mpango."

Nilimwuliza kama mtoto anajua.

"Nyumba ni ndogo," akasema. "Anasikia kila kitu."

*

Niliporudi ndani Kastori alikuwa amevua kofia. Alikuwa amesimama mbele ya swichi za mitaa, mkono mmoja umeinuliwa, akinisubiri mimi kama mkuu wa zamu nitoe amri. Baada ya Viazi, mtaa unaofuata kwenye ratiba ni Machinjioni. Kastori anakaa Machinjioni, na mke wake Anastela, na mama yake mzazi mwenye miaka themanini na ushee. Hawakuwa wamearifiwa. Saa hiyo kila nyumba ya Machinjioni ilikuwa na sufuria jikoni.

"Msiba ni msiba," akasema. "Zamu inakuja kwetu. Sema tu, dada."

Sentensi moja ingetosha. Niliitunga kichwani, ilikuwa na maneno matatu: Lusungu yu hai. Ningeyasema, Viazi ingezimika, na betri ingeanza kuhesabu dakika zake hamsini ndani ya chumba ambacho Festo alikuwa amekaa akimshika mkono.

"Zima," nikasema.

Akazima. Alifanya hivyo taratibu, kama mtu anayefunga macho ya marehemu. Kisha akaja akanikumbatia na kulia begani kwangu.

Alinitaka niende nyumbani. Nilikataa, nikasema nitakwenda saa nne zamu ikiisha. Alidhani ni ujasiri. Alinitengenezea chai, akatia sukari vijiko vinne, akasimama mpaka nikainywa. Alipokea simu za watu kwa niaba yangu. Meneja alipiga, mwalimu wa Lusungu akapiga, mama mchungaji akapiga na kuniombea kwenye simu, na ilinibidi niseme amina. Nilisema asante mara nyingi mpaka neno likakosa ladha. Kila aliyenipa pole alinielezea jambo moja zuri kuhusu mwanangu ambalo sikulijua. Mwalimu alisema huwa anawaandikia wenzake barua za mapenzi na kulipwa kwa biskuti. Nilitaka kucheka. Nilifunika uso, na Kastori akadhani nalia.

Saa moja chumvi ilikuwa mia tatu na nne. Ndivyo nilivyokuwa nimekokotoa. Kwa mwendo huo tungefika saa nne tukiwa na mia mbili sitini na nne, na nilijiambia kwamba basi, limepita, Machinjioni watakula viporo na kunisema wiki nzima, hakuna atakayekufa.

Saa moja na nusu ilikuwa mia mbili tisini na tano. Nilidhani nimesoma vibaya.

Saa mbili ilikuwa mia mbili themanini na nne.

Kastori aligonga geji kwa kidole. Akaenda kupima kwa kipimo cha mkono, akarudi na jibu lilelile. Kuna kitu kinatunyonya, akasema, akaanza kupitia laini moja baada ya nyingine. Mimi sikuhitaji kuzipitia. Nilikwenda moja kwa moja kwenye mita ya Mtaa wa Viazi, na sindano yake ilikuwa imelala upande wa kulia kabisa.

Msiba unakula. Huo ndio ukweli ambao mtoto yeyote wa huku anaujua. Ukitangazwa msiba saa kumi na mbili, saa moja kuna watu mia nyumbani, saa mbili wako mia mbili, na wanawake wa mtaa hawasubiri kuambiwa. Kila jirani anachukua unga alionao, anabandika sufuria kubwa kuliko ya nyumbani kwake, ugali, maharage, chai ya tangawizi ya wanaume watakaokesha nje. Hita zinatolewa vyumbani zinapelekwa barazani kwa wazee. Taa zinavutwa mpaka barabarani. Misiba ya kweli ya miaka yote tulikuwa tukiimudu kwa sababu ilitukuta chumvi imeshiba. Festo amebeba majeneza ya watu kwa miaka ishirini na mengine aliyatengeneza yeye, na hakulikumbuka hilo. Mimi nina stashahada ya umeme ukutani, na sikulikumbuka pia. Sote wawili tulikuwa tumefikiria mashine moja ndogo kando ya kitanda.

Nilikokotoa pembeni ya ubao. Kwa mwendo ule tungegusa mia mbili sitini saa tatu na robo.

"Tuzime mtaa wa tatu," Kastori akasema. "Bomani wana wazee wengi. Labda Uwanjani. Tuwapigie kwanza wajiandae." Alinitazama kwa huruma. "Watu wamekuja kukulilia mtoto, dada. Hatuwezi kuwazimia."

Hapo simu yake ya mkononi ikaita. Alikuwa Anastela. Nilisikia sauti ya mwanamke ikienda kasi, sikushika maneno. Kastori alisema "wapi?" na "mguu upi?" na "mmempaka nini?" Alipomaliza aliiweka simu mezani kwa uangalifu mno.

Mama yake alikuwa jikoni umeme ulipozimika. Walipapasa, wakawasha mshumaa, mshumaa ukaisha. Baadaye bibi aliona asikae bure, akajaribu kuhamisha sufuria la maji ya moto aliyokuwa ameyachemsha jioni na kuyafunika kwa mablanketi yasipoe, ili wajaze chupa. Alijikwaa. Maji yakammwagikia kuanzia pajani mpaka wayoni. Ngozi ilikuwa imetoka pamoja na soksi. Anastela alikuwa akitafuta mtu wa kumbeba, na wanaume wa Machinjioni wengi walikuwa wamekwenda msibani kwangu.

Nilimwambia aende. Akatikisa kichwa. Chumvi ikiwa nzito namna ile pampu zinataka watu wawili, analijua hilo kama mimi.

"Msiba ni msiba," akasema tena, na safari hii alikuwa akijiambia mwenyewe. "Wewe umepoteza mtoto na umesimama hapo. Mimi ni mguu tu."

Nimeishi miaka arobaini na saba. Sijawahi kusikia neno lililoniuma kama lile.

"Kastori," nikasema. "Lusungu hajafa."

Alinitazama kama mtu anayesubiri sentensi iishe.

"Festo alidanganya ili tusizimwe. Yuko nyumbani, kwenye mashine yake."

"Umejua saa ngapi?"

"Kabla hujazima kwenu."

Hakunipigia kelele. Afadhali angepiga. Aliokota kofia yake mezani, akaivaa, akairekebisha. Geji ilishuka digrii moja tukiitazama.

"Ungeniambia, Yusta, ningekuachia mtaa vilevile," akasema hatimaye. "Mtoto ni mtoto. Lakini ningempigia mama kwanza."

*

Hesabu ilibaki moja. Nikizima Viazi saa mbili na nusu, na Machinjioni ikabaki gizani, tungefika saa nne kwa mia mbili sitini na mbili. Nikisubiri mpaka Lusungu afike hospitali, dakika arobaini za kutembea kwa sababu pikipiki zote za mji hazikuwa na chaji tangu juzi, tungeganda kabla ya saa nne. Nikiiwashia Machinjioni tungeganda vilevile. Nilimwonyesha Kastori ubao. Mama yake angebaki gizani na ukweli ukiwa umesemwa, kwa sababu uongo ulikuwa umeshakula kile ambacho kingemwashia taa. Alisoma, akaniachia ubao, akaenda kwenye pampu.

Nilimpigia Festo saa mbili na dakika kumi na nane. Nyuma yake nilisikia wanawake wakilia. Walikuwa wakilitaja jina la mwanangu, wakimwuliza kwa nini amewaacha.

Nilimwambia atoke nje, apande juu ya kiti, awaambie watu kwamba mtoto yu hai. Akasema hawezi. Nikamwambia mama yake Kastori ameungua na hana wa kumbeba.

"Nazima saa mbili na nusu kamili," nikasema. "Mkiwa ndani nazima. Mkiwa njiani nazima. Hapo uani kuna wanaume mia moja na machela ya kanisa. Wamekuja kubeba, Festo. Wape cha kubeba."

"Yusta, baridi itamuua."

"Inaweza kumuua."

"Ni mwanao."

"Najua ni mwanangu. Una dakika kumi na mbili. Mfunge uso kwa ile shuka ya sufu, mwache pua. Mashine ikae kifuani mwake, ndani ya blanketi, betri isipate baridi. Watu wengine waende Machinjioni kwa kina Kastori."

Simu ilibaki wazi. Nilisikia akitembea, nilisikia mlango, nilisikia kilio kikiongezeka alipotokeza kwa sababu walidhani analeta taarifa za mazishi. Kisha nikamsikia akisema. Alisema vibaya, kwa kukatakata maneno, ilibidi arudie. Baadaye niliambiwa kwamba bibi mmoja wa kanisani aliyekuwa akisonga ugali alinyanyuka na mwiko wake mkononi, akamtandika Festo nao mara tatu, mgongoni, ugali ukamgandia kwenye koti, na hakuna aliyemzuia. Wengine walitema mate chini na kuondoka bila kugeuka. Mwenyekiti Tweve aliketi kwenye benchi akashika kichwa, maana neno lililotumika lilikuwa lake. Halafu bibi yule yule akauliza machela iko wapi.

Saa mbili na dakika ishirini na tisa Festo alisema kwenye simu, "Tunachomoa." Laini ikakatika.

Nilisimama mbele ya swichi. Mitaa kumi na minne imepangwa safu mbili, kila swichi na jina lake kwa rangi nyeupe. Nimezima kila moja kati ya hizo, na sijawahi kuhisi uzito wake. Ni chuma kidogo chenye mpini wa plastiki. Kastori alikuwa amenipa mgongo. Ningeweza kumwomba aizime yeye, na pengine ilikuwa haki yake.

Niliizima kwa mkono wangu. Geji ilikuwa mia mbili sabini na nne.

*

Dirisha la chumba cha mitambo linautazama mji. Jioni nyingine unaona taa za mitaa yote hadi hospitali. Jioni ile ulikuwa ukungu tu, mweupe, umebandikwa kwenye kioo. Mahali fulani ndani yake watu walikuwa wakipanda mlima na mwanangu mabegani kwenye machela ya wafu, na sikuweza kuwaona wala kuwawashia hata taa moja ya barabarani.

Nilimpigia Festo saa tatu kasoro kumi. Simu iliita mpaka ikachoka. Nilipiga tena saa tatu kamili. Kastori alikuwa akisoma namba za pampu kwa sauti, mimi nikiandika. Mara moja simu yake iliita, akasikiliza, akasema "haya, haya." Sikujua kama nina ruhusa ya kuuliza. Aliniambia mwenyewe, akiitazama pampu: vijana sita walikuwa wamefika Machinjioni na mlango walioung'oa, wamemlaza bibi juu yake.

Saa tatu na dakika kumi na tisa nilijua betri imeisha. Ilikuwa betri ya miaka miwili na baridi ilikuwa ya digrii sifuri. Nilijua namna mashine inavyofanya inapokata: inalia mara tatu, inataka uichomeke. Nilijua na namna Lusungu anavyofanya. Anafungua mdomo na kutazama juu, kana kwamba hewa imewekwa kwenye rafu.

Ningeweza kuondoka. Mlango ulikuwa hatua saba. Ningekimbia gizani, na Kastori peke yake asingezimudu pampu mbili, na ifikapo asubuhi mji mzima ungekuwa na mabomba ya mawe. Nilibaki. Niliandika namba ya saa tatu na robo, niliyokuwa nimeisahau, kisha namba ya saa tatu na dakika ishirini na tano. Mkono wangu uliandika vizuri. Niliuchukia kwa hilo.

Saa tatu na dakika thelathini na nne simu ikaita. Jina lilikuwa la Festo. Niliipokea nikasikia kwanza vishindo vya miguu, na sauti ya muuguzi akiwafukuza watu koridoni, wako wengi mno, watoke. Kisha nikasikia mashine. Ilikuwa ikinguruma ule mngurumo wake wa umeme wa ukutani.

"Mama."

Sauti ilikuwa nyembamba, ya mtu aliyekuwa chini ya maji. Nilimwambia nipo.

"Walikuwa wananililia," akasema. Akapumzika. "Niliwasikia wote. Mpaka Bibi Kilasi wa jirani, na huwa ananichukia."

Nilimwambia asiongee, atunze hewa.

"Ni wewe uliyezima?"

Kastori alikuwa ameacha kusoma namba. Ningeweza kumwambia ni ratiba. Ningeweza kumwambia ni mtambo, ni chumvi, ni watu elfu arobaini, ni bibi wa Machinjioni, na lolote kati ya hayo lingekuwa kweli. Ana miaka kumi na minne, angelielewa.

"Ni mimi," nikasema.

Alivuta pumzi, akaishusha. Akavuta nyingine. Nilizisikiliza moja moja, simu nimeibana kwa bega, chaki mkononi. Geji ilikuwa mia mbili sitini na tano, na bado dakika ishirini na tano kufika saa nne.